Aliyeponda sabuni na mayai amekosea nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa maoni nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika Jumamosi kwamba kuziba tangi kwa sabuni, kutia yai kwenye rejeta (kile kipoza maji ya injini) na kusugua taa kwa dawa ya meno ni “mambo ya jikoni”, na kwamba mwenye gari asiye na hela ya fundi aliuze apande basi. Mimi ni mama wa mboga. Nina Hilux ya dizeli, injini ya 3L, ninayoipandisha na kuiteremsha kati ya Lushoto na Mombo tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na leo mkubwa ana watoto wake. Jikoni nakujua, na chini ya gari nakujua. Nimeona nijibu mimi kabla hawajaanza wanaume wa kijiweni, ambao watamtukana tu bila kumweleza kitu.

Amekosea nusu. Nusu nyingine amepatia, tena kuliko anavyojua mwenyewe, na hiyo nitaifikia kwa sababu ndiyo inayoua watu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, lakini asikudanganye mtu kwa hesabu ya kilomita. Ni kupanda tangu unapoiacha barabara kuu ya kwenda Arusha, kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Nikishuka nabeba kabichi, karoti na hoho. Nikipanda nabeba sukari, saruji na vitanda vya maharusi. Fuso la wanunuzi wa Dar es Salaam linaondoka Mombo usiku ili liwahi soko la alfajiri, na hoho zangu zisipokuwa ndani yake, kesho yake ni za kuwapa mbuzi. Gari likigoma hapo katikati saa tatu usiku, kumpata fundi ni kwanza upate mtandao, kisha yeye apate bodaboda, kisha mkubaliane bei ya usumbufu, kisha aje aseme spea hiyo iko Korogwe. Kipande cha sabuni kiko chini ya kiti.

Nimweleze huyo bwana jinsi sabuni inavyofanya kazi, maana nina hakika hajawahi kuitumia. Mwaka juzi, masika yakianza, chini kidogo ya Soni, mji mdogo ulioko njiani, jiwe liliruka likapiga tangi. Jiwe sikulisikia, nilichosikia ni harufu. Tulipoinama na tochi ya simu tukakuta tundu la kupitisha njiti ya kiberiti, dizeli inatiririka uzi mwembamba. Utingo wangu akaanza kuvua fulana aitumie kuziba. Nikamwambia avae, kuna baridi, na fulana inanyonya mafuta, haiyazuii. Nikakata sabuni ya mche, kipande kama cha kidole gumba, nikakifinyanga kikavu bila tone la maji mpaka kikalainika kama donge la chapati. Nikapafuta pale kwenye tundu kwa kitambaa, na kabla dizeli haijatoka tena nikaisukuma sabuni kwa kidole iingie ndani, iliyobaki nikaitandaza kwa nje. Dizeli ikakoma. Tukanawa mikono kwa kipande kilichosalia, tukaenda zetu.

Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli wala kwenye petroli. Inayeyuka kwenye maji, na hilo kila anayefua analijua. Kwa hiyo tangi lililozibwa kwa sabuni cha kuliogopesha ni dimbwi la barabarani. Zamani tulikuwa tunabandika kipande cha mfuko wa nailoni juu yake, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, nami siku hizi natumia kipande cha tyubu ya baiskeli. Kwa njia hiyo unafika, unauza, na kesho yake unalishusha tangi lichomelewe.

Hapo kwenye kuchomelea naomba nisimame kidogo. Fundi niliyempelekea alitaka kuwasha moto mara tu baada ya kumwaga dizeli, ati tangi si liko tupu. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani ukishachanganyika na hewa, na wa petroli ndio mbaya zaidi. Tangi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, likarudiwa tena na tena mpaka harufu iishe, halafu hujazwa maji hadi karibu na mahali panapochomelewa, ndipo moto unasogezwa. Na kama linalovuja barabarani ni gari la petroli, zima injini, sogeza abiria mbali, na asije mtu na kiberiti kumulika. Ajali ya lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, iliua zaidi ya watu 100. Mafuta yaliyomwagika hayana mdogo wala mkubwa.

Huyo bwana anasema haya ni mambo ya siku hizi ya vijana wa simu. Marehemu baba yangu hakuwahi kushika simu ya mkononi. Alikuwa dereva wa lori la Bedford la RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, na wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980: vita vya Kagera vilikuwa vimeisha vikaacha hazina tupu, fedha za kigeni hakuna, spea hakuna, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari binafsi yalikuwa marufuku barabarani ili kuokoa mafuta. Lori likivunjika kitu Handeni, dereva hakuuliza duka la spea liko wapi. Aliuliza nani ana tyubu iliyochakaa. Baba alikuwa na kopo la maziwa ya unga nyuma ya kiti, ndani yake waya wa kufungia nondo, vipande vya tyubu, mshumaa na sabuni. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, na ugomvi mkubwa niliowahi kuusikia kati ya wazazi wangu ulikuwa juu ya kipande alichokitoa nyumbani kukificha kwenye kopo lile. Kwa hiyo “mambo ya jikoni” nayakubali. Huko ndiko yalikotoka, tena kwa kuibwa.

Vile vipande vya tyubu ndivyo nilivyovitumia kuliko kitu kingine chochote. Paipu ya rejeta ikipasuka, ngoja injini ipoe, ikaushe paipu, halafu zungusha mpira ukiuvuta kwa nguvu zako zote, kila mzunguko ukikalia nusu ya uliotangulia, uanzie mbali kidogo na ufa na umalizie mbali kidogo. Usipouvuta umepoteza muda. Kisha jaza maji, na kofia ya rejeta usiikaze mpaka mwisho, iache kwenye hatua ya kwanza. Kofia nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ni kipimo cha mgandamizo ambao kofia inauzuia humo ndani. Mgandamizo huo ndio unaofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali yaende mpaka karibu nyuzi 120, na ndio huo huo utakaopasua bandeji yako. Ukilegeza kofia, paipu inapumua, lakini maji nayo yatachemka mapema, kwa hiyo nenda polepole, simama kila unapopata mahali pa kusimama, na uwe na dumu.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayefungua kofia ya rejeta gari likiwa limechemsha anajitafutia kidonda cha uso. Maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 110 yakipata upenyo yanageuka mvuke papo hapo na kuruka. Na ukimwagia maji ya baridi injini iliyochemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inaweza kupasuka, hapo utakuwa umebadilisha tatizo la paipu kuwa tatizo la injini. Ngoja. Kula muhindi wa kuchoma. Pale Soni wapo.

Sasa yai. Msomaji mwenzetu amelicheka yai kuliko vyote, na hapa ninamwelewa, ingawa kicheko chake kimekosea shabaha. Yai linafanya kazi. Ute wake unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu, na maji ya injini yanatembea kwenye 80 au 90, kwa hiyo ute unazunguka na maji, unaganda vipande vipande, na vipande vinavutwa kuelekea pale maji yanapotokea. Tundu dogo la pini linaziba. Wengine hutia pilipili manga iliyosagwa, wengine manjano, na chembe zake hufanya kazi ile ile ya kukwama kwenye ufa. Ni ute tu unaotiwa, kiini unakula, na unatiwa injini ikiwa imepoa kiasi cha kufungua kofia salama, halafu unaiwasha izunguke.

Tatizo ni kwamba yai halina macho. Linaziba tundu, na likikosa tundu linaziba njia. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba, mirija yake mipana, na fundi rejeta aliweza kuifungua, kuizibua kwa waya bapa na kuilehemu kwa risasi. Rejeta za magari mengi ya siku hizi ni alumini yenye mirija myembamba na vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa meno. Niliiona moja ikifunguliwa gereji bubu hapo Mombo, ya teksi ya kijana aliyetia yai mwezi wa Ramadhani na kuendelea na biashara mpaka Sikukuu ya Mapinduzi. Fundi aliingiza bisibisi akatoa utandu mweupe uliokuwa umejikunja kwenye mirija, na harufu iliyotoka iliwafanya hata mbuzi wa jirani wahame kivuli. Nusu ya rejeta ilikuwa imeziba. Gari lilikuwa likichemsha kila kilima, na kijana alikuwa amekwisha kubadilisha thamostati, ile valvu ya kuruhusu maji yapite, na kununua feni, akiamini kwamba kwenye rejeta hapakuwa na tatizo, yai si lilishatibu. Alipiga hesabu pale pale kwenye benchi, akanyamaza.

Betri nitaisema haraka kwa sababu hapa hakuna ubishi. Ule ukungu mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri ndio unaofanya gari linunuliwe “betri mpya” wakati ya zamani ni nzima. Koroga kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, fungua nyaya ukianza na hasi, mwagia kidogo kidogo, litatoa povu na ukungu utaondoka. Sugua kwa mswaki uliochoka, suuza, kausha, funga ukianza na chanya, kaza, halafu paka mafuta ya mgando juu ili unyevu usirudi. Angalia tu vifuniko vya betri viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi yenyewe na betri umeiua. Wengine humwagia kokakola. Nayo inakula ukungu, ina asidi, lakini inaacha sukari, na mimi nikinunua soda nainywa.

Dawa ya meno kwenye taa nayo ni kweli. Taa za plastiki zikipigwa na jua zinakuwa njano, na dawa ya meno ina chembe ngumu zinazokwangua ule unjano taratibu. Kitambaa chenye maji, mviringo, mkono usichoke, unasuuza. Utaona tofauti usiku huo huo. Lakini umeondoa na ule utando wa kiwandani uliokuwa unaikinga plastiki na jua, kwa hiyo unjano utarudi baada ya miezi, na ukungu ulio kwa ndani hautausogeza hata ukimaliza tyubu nzima. Kuhusu vioo, Mhariri, msikasirike: hakuna kinachong'arisha kioo cha gari kuliko siki kidogo na karatasi ya gazeti. Lenu ni zuri hasa, haliachi nyuzi. Waipa zikigoma kwenye mvua, kata kiazi mbatata usugue kioo kwa nje, maji yatatandaa badala ya kuganda matone. Kiazi hakikufikishi Segera, lakini kinakufikisha mahali pa kusimama.

Soksi ndefu za kike badala ya mkanda wa feni nimeziona kwa macho yangu kwenye msafara wa harusi kutoka Mlalo. Land Rover 109 ya mjomba wa bibi harusi ilikata mkanda, na mpambe akaambiwa avue soksi zake nyuma ya kichaka. Mjomba alizisokota, akazizungusha kwenye puli ya chini na puli ya wota pampu peke yake, dainamo ya kuchaji betri akaiacha nje ili kupunguza uzito, akakaza fundo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akakata mikia isije ikanaswa na feni. Gari likatembea taratibu, taa na redio vimezimwa, hadi kanisani. Mpambe alisimama madhabahuni na miguu mitupu ndani ya viatu na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wa nyuma. Kwenye Hilux yangu inawezekana, kwa kuwa mikanda yake ni ile ya umbo la V. Kwenye gari lenye mkanda mmoja mpana unaozungusha kila kitu, kuanzia jenereta mpaka stelingi na eyakondisheni, utachana soksi za ukoo mzima.

Ndiyo, huyo bwana amepatia nusu. Nitaisema bila kupamba.

Kuna sehemu za gari ambazo jikoni hakuna dawa yake, na ya kwanza ni breki. Nimewahi kumwona dereva wa gari la abiria, mafuta ya breki yamekwisha, akimimina maji ya sabuni kwenye masta silinda, panapotiwa mafuta ya breki, huku abiria wamekaa ndani wanamngoja. Mmoja akamsifu kwa ubunifu. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Teremka na abiria kutoka Soni kwenda Mombo ukikanyaga kila kona, breki zinapata moto mpaka unazinusa, maji yaliyomo kwenye paipu yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa, hausukumi. Pedali inakwenda mpaka chini na gari halina habari. Mafuta ya kupikia nayo usiyaguse, wala oili ya injini: yanavimbisha mipira ya breki mpaka ikwame au iachie. Na wapo wanaobana kwa koleo paipu ya breki ya tairi moja inayovuja ili breki zibaki tatu. Gari hilo ukilikanyaga kwa ghafla linavuta upande mmoja, na upande mmoja wa barabara yetu nimeshasema ni bonde.

Ya pili ni fyuzi. Fyuzi ikiungua watu wanazungushia karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara, taa zinawaka, wanacheka. Fyuzi imeungua kwa sababu kuna waya unagusa mahali. Ukiiondolea kazi yake, kitakachoungua sasa ni waya wenyewe, na waya unapita chini ya zulia unalokanyaga. Dawa ya njiani ipo na ni ya bure: chomoa fyuzi ya redio au ya kiberiti cha sigara yenye namba ile ile, uitie pale. Rangi zitakusaidia gizani: nyekundu 10, buluu 15, njano 20. Ikiungua tena, acha, hilo si la kwako.

Tairi na stelingi sina haja ya kuzisema. Watu walijaza majani kwenye tairi zamani ili kutoka porini kwa mwendo wa miguu. Siku hizi nasikia mtu anataka kufanya hivyo kwenye lami.

Lakini lililonifanya nishike kalamu zaidi ni hawa wanaouza. Mdogo wangu alinunua gari dogo kwa mtu mmoja mjini, giaboksi kimya, difu (gia za ekseli) kimya, akasifu sana. Baada ya wiki kadhaa likaanza kuunguruma. Fundi alipofungua nati ya kumwagia oili, ikatoka uji wa kahawia wenye maranda ya mbao. Maranda yanajaza nafasi kati ya meno ya gia yaliyolika, kelele inapungua, na mnunuzi anaendesha mzunguko mmoja wa mtaa anaridhika. Wengine hutia ndizi mbivu. Injini inayotoa moshi wanaitia oili nzito kuliko inayotakiwa, rejeta inayovuja wanaitia yai au pilipili, na bamba lililooza wanaliziba kwa gundi iliyochanganywa na majivu ya sigara, wanapiga rangi. Vyote ni vitu vya nyumbani, vyote ni bei poa, na hapo ndipo ninapokubaliana na msomaji mwenzetu kwa mikono miwili. Sabuni yangu kwenye tangi ninaijua mimi mwenye gari. Maranda yale mwenye gari hakuyajua.

Kwa anayekwenda kununua: dai oili ya giaboksi imwagwe kidogo kwenye sahani ya chuma uishike kwa vidole. Ikiwa na mchanga wa chuma unaong'aa au nyuzi za mti, rudi nyumbani. Fungua kofia ya rejeta asubuhi kabla injini haijawashwa, tazama kama kuna chembe zinaelea na unuse. Muuzaji akikuambia gari limeshapashwa moto tayari ili usisumbuke kungoja, muulize kwa nini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mkichapisha kona ya ujanja wa magari, kila dawa iandikwe pamoja na muda wake na mwiko wake. Msiandike “yai linaziba rejeta” mkaishia hapo. Andikeni kwamba rejeta ioshwe wiki hiyo hiyo. Shule za udereva nazo zifundishe haya. Mwanangu wa pili amepata leseni akijua alama zote za barabarani, na hajawahi kuonyeshwa kofia ya rejeta iko wapi. Waongezewe na somo la kuondoa mawe. Gari likiharibika kwenye mlima, utingo anaweka mawe nyuma ya tairi na matawi barabarani, jambo jema kabisa, halafu gari likipona wanapanda na kuondoka, na mawe yanabaki kwenye kona kumngoja anayekuja nyuma usiku na hoho zake.

Mwisho nina swali, na ningependa mafundi wanaosoma ukurasa huu wanijibu. Paipu ya kuvuta dizeli kwenye Hilux ikipata ufa mdogo, haivuji nje bali inanyonya hewa, injini inakohoa na kuzima. Mimi huifunga kwa tyubu, kisha napampu kwa mkono ile pampu ya juu ya filta mpaka iwe ngumu, naiwasha, naendelea. Mwanangu ananunua pikapu mpya zaidi, ya dizeli ya komoni reli, yaani mfumo unaosukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia bomba moja la pamoja, na fundi mmoja ameniambia kwamba kwa mfumo huo nisithubutu kugusa paipu za upande wa mgandamizo mkubwa hata kwa kitambaa, dizeli yake inatoboa ngozi. Hilo nimelielewa. Ninachotaka kujua ni upande ule mwingine, wa kutoka tangini mpaka kwenye filta: je, tyubu yangu bado inafaa, au hata hapo kopo la baba halina kazi tena?

Wako,
Mama wa Mboga,
Lushoto.